Nyumba ya Vigae vya Sham: Kuchagua Pambo la Harusi ya Bustanini

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), twapenda wiki hii kuwachukua wasomaji wetu, hasa mama na dada zetu, hadi mtaa wa Kensington jijini London. Mama mmoja katika jamaa zetu waliohamia huko ana binti aliyeposwa, naye alituomba tufuatane nao kuzitazama nyumba za kale zenye bustani, wapate kuamua harusi itapambwa vipi.

Harusi wameipanga majira ya machipuo, ambayo Uingereza ni baina ya Machi na Mei. Kwa hesabu ya mwezi mwandamo, miaka hii Shawwal yaangukia humo. Familia ililifurahia jambo hilo, kwani Bi Aisha (R.A.) aliolewa na Mtume katika mwezi wa Shawwal. Wakati huo miti iliyokuwa mikavu kama kuni huvaa maua kabla ya kuvaa majani, na dafodili za manjano na tulipu za kila rangi huchomoza ardhini. Lakini jua la huko si la kuaminiwa. Siku tuliyokwenda, asubuhi ilikuwa ya joto na adhuhuri ikanyesha mvua ya baridi.

Miongoni mwa nyumba tulizozizuru ni Leighton House, ambayo sasa ni makumbusho. Mwenyewe alikuwa Frederic Leighton, mchoraji mashuhuri wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1896. Kwa nje ni nyumba ya matofali mekundu isiyomshitua mpita njia. Ndani mna ukumbi ulioanza kujengwa mwaka 1877, wenye kuba la dhahabu, birika la maji katikati ya sakafu, na kuta zilizofunikwa vigae vya buluu na kijani. Vingi ni vya karne ya 16 na ya 17, vilivyotolewa Damascus katika nchi ya Sham. Umbo la ukumbi lilifuata jumba la Zisa la Palermo, kisiwani Sicily, lililojengwa karne ya 12 kwa ufundi wa Waislamu. Na ajabu ni kwamba, ukiacha vyumba vya watumishi, nyumba nzima ina chumba kimoja tu cha kulala. Mwenyewe hakuoa.

Hapo ndipo mabinamu wa bibi harusi walipokuja na shauri lao. Siku hizi harusi hutakiwa iwe na wazo moja litakalobeba kadi, nguo, meza na maua. Wao walitaka harusi ya Alfu Lela Ulela: taa za jini, mito ya hariri, ngamia wa mbao bustanini, na wahudumu waliovikwa vilemba. Mama alinong'ona, "Maalim, hesabu yake imekwisha pita mahari." Binti mwenyewe alikuwa kimya.

Hatukuwakatalia kwa ukali, maana furaha ya harusi ni jambo la halali na kuitangaza ndoa ni sunna. Tuliwasimulia tu habari ya mtu mmoja. Miongoni mwa waliomsaidia Leighton kuvipata vigae hivi ni Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyekuwa balozi mdogo huko Damascus. Burton huyo ndiye aliyefika pwani yetu mwaka 1857 akiwa njiani kuyatafuta maziwa makuu, na ndiye baadaye aliyeitafsiri Alfu Lela kwa Kiingereza. Wageni wale waliipenda Mashariki kama mtu apendavyo ndoto. Sisi ambao nyanya zetu wamefukiza udi na kuvaa vikuba vya asmini kila harusi, yatufaa nini kujivika ndoto ya mtu mwingine juu yetu na kuilipia?

Kisha tulimwonyesha binti maandishi ya Kiarabu yaliyo katika safu ya vigae ukutani. Aliyasoma polepole, herufi kwa herufi, hata akatambua kuwa ni aya za mwanzo za Suratur-Rahman, zitajazo kufundishwa Qur'ani, mwendo wa jua na mwezi, na miti imsujudiayo Mola. Akatazama tulipu zilizochorwa kwenye vigae, kisha akauliza kama bustanini zimo za kweli. "Mama," akasema, "nyumba hii imeshapambwa. Mimi nataka maua yaliyo ukutani yawe mezani. Basi."

Nasi twaona alisema kweli, na neno lake lafaa kwa nyumba yoyote ya kale. Nyumba ya namna hiyo ina sauti yake, na majira yana rangi zake; kazi ya mpambaji ni kusikiliza kwanza. Walikubaliana kuwa popote itakapofanyika, rangi ziwe buluu na nyeupe, tulipu ziwe katika vyungu ili wageni wazichukue wakazipande kwao, na bibi yake aje na asmini zilizokaushwa kutoka Mombasa. Na palipoandikwa neno la Mungu pasiwe mahali pa ngoma wala pa kuegemeza vyombo.

Kwa walio na watoto ughaibuni, twaongeza mambo mawili. Kwanza, nyumba nyingi za kale huzuia moto, basi ulizeni kuhusu udi na mishumaa kabla ya kulipa, na muwe na ukumbi au hema la kukimbilia mvua. Pili, na hili ni zito kuliko maua yote: sheria ya Uingereza haiitambui nikaha peke yake kuwa ndoa, na mahakama ya rufani ililithibitisha hilo mwaka 2020. Tangu Julai 2021 ndoa ya serikali yaweza kufungwa bustanini, katika uwanja wa nyumba yenye kibali, lakini ni lazima maarusi watoe taarifa kwa msajili siku 28 kabla, na ibada ya dini hufanywa mbali nayo. Binti aliyepambwa kwa tulipu elfu bila cheti hicho huenda, wakitengana, asiipate haki ambayo sheria humpa mke. Mzazi na aanze kwa msajili, kisha aende kwa muuza maua.

Mwenyezi Mungu awabariki maarusi wetu, awajaalie mapenzi na huruma baina yao. Wabillahi tawfiq.