Umeitwa Wapi?

Barazani petu Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, mtu hakuulizwa anasomea nini. Aliulizwa, "Umeitwa wapi?" Mwaka 1993 nilipoitwa kusomea uhandisi katika chuo kikuu kimoja huko bara, mama alipika pilau na kila jirani akapelekewa sahani yake. Mtoto wa ami yangu, tuliyefanya naye mtihani chumba kimoja, alipungukiwa pointi mbili, akenda zake Poli, chuo cha ufundi hapo Tudor. Kwao hapakupikwa kitu. Wazee walimpa pole, kama kwamba kafiwa.

Ajabu ni kuwa ami mwenyewe alisoma papo hapo Tudor, enzi pakiitwa Miome, chuo cha elimu ya Waislamu kilichojengwa kwa fedha za Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, Mabohora na serikali ya Mwingereza. Masomo yalianza 1951. Vijana walitoka hata Unguja na Tanganyika kuja kujifunza umeme na mitambo ya meli chini ya makuba ya jengo lile. Ami alikuwa na sugu kwenye kiganja cha kulia, kumbukumbu ya tupa. Miezi mizima, alisema, kazi yake ilikuwa kusugua kipande cha chuma mpaka kiwe mraba. Mwalimu alikiwekea pembemraba akakiinua dirishani. Mwanga ukipenya hata uzi, rudi kaanze upya.

Mimi kule bara nilikuta mashine moja ya kukereza kwa darasa zima. Niliijua kwa kuichungulia juu ya mabega ya wenzangu. Hesabu nilizipata, tena nzuri, siwezi kukana. Lakini likizo nilipopelekwa mazoezini katika karakana moja karibu na bandari, msimamizi alinipa tupa, akanitazama dakika mbili, akaninyang'anya. Akampa mtoto wa ami yangu wa Poli, naye alikuwa mazoezini pale.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Ndipo nilipoanza kujiuliza tuliipima vipi sifa ya chuo. Nafasi zilikuwa chache, na uchache ule ndio tulioufanya ubora. Tulihesabu waliokosa; waliopata walifundishwa nini, hilo halikufika barazani. Na hata hivyo jina la chuo changu lilinipatia kazi ya kwanza kabla sijaulizwa najua nini. Ndugu yangu, mwenye mikono, alisubiri miaka miwili.

Tudor nayo ikabadili majina: taasisi ya ufundi 1966, Poli 1972, chuo kikuu kishiriki 2007, na 2013 ikawa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Makuba ni yale yale. Baraza ndiyo iliyogeuka. Mwaka 2016 binti wa ndugu yangu alipoitwa huko, wale wale waliompa babake pole walisema, "Mashallah, chuo kikuu!" Muhula wa kwanza ulipokwisha pilau ikapikwa, safari hii kwao.

Ami alikuwa hai, macho yamefifia. Hakula upesi. Alimwita mjukuu wake akae kando yake mkekani.

"Wasoma nini, mwanangu?"

"Mitambo, babu. Ndiyo kwanza namaliza muhula."

"Lete mkono."

Akamshika kiganja cha kulia, akakipapasa kwa kidole gumba, polepole, chini ya kila kidole, akitafuta.