Konde: Mti uko uani, fundi yuko wapi?

Barabara itokayo Chake Chake kwenda kaskazini mwa Pemba hupita kwenye mikarafuu, na msimu ukifika karafuu huanikwa majamvini mbele ya nyumba. Konde, mji mdogo wa soko katika Wilaya ya Micheweni, uko njiani kuelekea msitu wa Ngezi, wenye mivule mikubwa na popo wa Pemba asiyepatikana kwingine duniani.

Mivule ya Ngezi ni hifadhi. Hata hivyo, mtoto wa Konde hakosi mti wa kujifunzia ufundi, kwani mifenesi ipo hadi uani. Kule Malaysia, mfenesi huchongwa kuwa gambus, ndugu wa gambusi la mwambao wetu, ambalo wengine huliita kibangala. Zamani lilisikika katika taarabu ya Zanzibar, kabla udi haujachukua nafasi yake.

Bakuli la udi huundwa kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyogandishwa. Gambusi hutoka katika gogo moja, bakuli na shingo pamoja. Fundi hulikomba kwa tezo na patasi, hulisugua kwa msasa, kisha huwamba juu yake ngozi ya mbuzi iliyolowekwa. Ngozi ikikauka na kukaza kama ya ngoma, nyuzi hufungwa.

Kazi hii mtoto hujifunza kwa kutazama na kushika, lakini mzazi awe macho. Mwaka 1995, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani. Msasa upigwe nje, upepo ukipeleka vumbi mbali na watu, na anayesugua avae barakoa. Vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi, lisifagiliwe kavu. Mwenye pumu akae mbali, na tezo ishikwe na mkubwa.

Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi (DCMA), kilichoanzishwa Mji Mkongwe mwaka 2002, hufundisha udi, kanuni na fidla. Kukifikia, mtoto wa Konde lazima avuke bahari. Wakati akisubiri safari hiyo, kama mtaani yupo mzee anayejua kuchonga au kuwamba ngoma, mzazi amwombe siku moja ya likizo, mtoto aketi karibu na kuuliza.