Jiko Hulala Nje: Julai ya Bibi Yetu Mukuru kwa Njenga



Ndugu wasomaji, wengi wenu mlioko Mombasa, Kwale, Malindi na Lamu mna watoto au wajukuu walioko Nairobi kwa ajili ya kazi au masomo. Sisi ni miongoni mwa wajukuu hao. Tunaishi Mukuru kwa Njenga, mashariki mwa jiji, ndugu wanne pamoja na mama yetu, katika chumba kimoja cha mabati chenye futi 10 kwa 10. Tumeona tuwasimulie mwezi wa Julai wa mwaka 2023, ambao Bibi yetu, mzaliwa wa Mji wa Kale wa Mombasa, aliupitisha pamoja nasi. Tulimwomba ruhusa kwanza, naye akaturuhusu kwa sharti moja: tusimfichie kosa lake.

Bibi alikuja baada ya Idd ya kuchinja. Mama alikuwa amepangiwa zamu ya usiku katika kiwanda anachofanyia kazi, na hakukuwa na mtu mzima wa kulala nasi. Tulimpokea katika kituo cha treni cha Syokimau. Aliteremka na buibui lake na makubadhi, mkononi kikapu chenye nazi, mbaazi kavu, iliki na leso mbili mpya. Mama alimpa sweta, akacheka, akasema hajaja kuvua samaki wa barafu. Kabla hatujafika barabarani sweta ilikuwa imekwisha kuvaliwa chini ya buibui.

Kwa watu wa pwani, Julai ni kipupwe. Kusi huvuma, bahari huchafuka, na vyombo vidogo huvutwa pwani vikangoja. Marehemu Babu alikuwa mvuvi, kwa hiyo Bibi aliujua upepo huo kama mtu anavyomjua jirani mkorofi. Mkubwa wetu, aliyekuwa kidato cha tatu, alimweleza aliyofundishwa shuleni: kwamba kusi hilo hilo likitoka baharini hupanda bara mpaka Nairobi, ambako ardhi iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari. Unyevu wake hupoa, ukawa mawingu mazito ya chini yanayofunika jua mchana kutwa. Usiku joto huweza kushuka hadi nyuzi 11 au 12. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akavuta sweta, akasema, "Kumbe ni yeye yule. Amenifuata."

Nyumba za mabati hazihifadhi joto. Jua likiwaka huwa tanuri. Baridi ikishuka, hutoa jasho. Alfajiri matone hukusanyika chini ya bati na kudondoka juu ya blanketi. Bibi alidhani paa linavuja, akaomba ngazi. Tulipomwambia kuwa ni pumzi zetu wenyewe zinazogeuka maji zikigusa bati la baridi, alitazama juu kwa muda mrefu, kisha akasogeza kichwa cha kitindamimba wetu mbali na lile tone.

Siku zake zilianza kabla yetu sote. Aliamka theluthi ya mwisho ya usiku kuswali, kisha akangoja adhana ya alfajiri. Maji kwetu hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, na mtungi huo hukesha mlangoni, kwa hiyo maji ya udhu yalikuwa yakiuma vidole kama meno. Baada ya swala alikoka jiko koridoni akakaanga mahamri. Harufu ya iliki ilipita kutoka mlango hadi mlango katika ploti yetu yenye vyumba 12, na watoto wa jirani wakaanza kuchelewa kwenda shule kwa sababu zisizoeleweka. Saa moja asubuhi Mama alirudi kutoka kazini, akanywa chai ya tangawizi akiwa amesimama, akalala. Bibi alimshika mkono kitindamimba, mwenye miaka mitano, wakapita kwenye tope mpaka shuleni. Alimwita "mume wangu", kama ilivyo ada yetu, na dada zetu wawili aliwaita wake wenziwe.

Alipata pia rafiki. Mlango unaotazamana na wetu ni wa mama mmoja wa Ukambani, muuza mboga. Siku ya kwanza hawakuelewana vizuri, kwani Kiswahili cha Bibi kilimfanya yule mama acheke, na cha yule mama kilimfanya Bibi asahihishe. Siku ya tatu walikuwa wamebadilishana muthokoi kwa mbaazi za nazi. Siku ya tano Bibi alikaa kwenye kibanda akimlindia mboga.

Ilikuwa mwishoni mwa Mfunguo Tatu. Siku nzima manyunyu yalikuwa hayajakatika, na kitindamimba alikuwa na mafua. Bibi alipika chajio nje kama kawaida, akaona makaa yamebaki mekundu, mazuri, hayana hata moshi. Mkebe wa makaa ni pesa, na Bibi ni mtu asiyetupa. Akaliingiza jiko ndani, akaliweka karibu na mlango, akateleka juu yake sufuria la maji ili alfajiri sote tupate maji ya moto ya udhu. Kisha akachukua leso kuukuu akaziba nyufa zote: chini ya mlango, pembeni mwa dirisha, na pale bati lilipoachana na ubao. Chumba kikapata joto ambalo hatukuwa tumelijua tangu Mei. Tulimshukuru. Tulilala tukimwombea dua.

Hatukujua, naye hakujua. Mombasa jiko lake lilikaa uani, upepo wa bahari ukipita huku na huku. Miaka zaidi ya 50 alipika kwa makaa, wala hayakumdhuru hata siku moja.

Usiku wa manane aliamka kuswali kama desturi yake. Alisema baadaye kwamba kichwa kilikuwa kizito kama amebebeshwa gunia, akadhani ni uzee. Aliposimama miguu haikumchukua. Alianguka, mkono ukapiga sufuria, maji yakamwagika juu ya makaa. Mfoko wa mvuke na kishindo cha sufuria ndivyo vilivyomwamsha mkubwa wetu. Naye alijaribu kusimama akashindwa, akatambaa mpaka mlangoni, akang'oa leso, akafungua. Baridi tuliyokuwa tukiilaani mwezi mzima iliingia.

Wengine tulitoka tukitapika. Kitindamimba hakuamka. Yule mama wa mlango wa pili alimbeba mpaka nje, akamlaza kwa ubavu, akampigia kelele masikioni kwa Kikamba, kisha akasimamisha bodaboda. Hospitalini aliwekewa hewa ya oksijeni. Bibi, ambaye mwenyewe alihitaji kulazwa, alikataa kitanda mpaka alipoliona jicho la mjukuu wake likifunguka, kukiwa kumepambazuka. Alhamdulillah, hakupatwa na ulemavu wowote.

Daktari alitueleza kwa upole, nasi tunawapa maelezo hayo kama tulivyoyapokea. Makaa yanapoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Mtu akiivuta, hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, na mwili ukakosa hewa huku mapafu yakiendelea kupumua. Huanza kwa kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Aliyekwisha lala huenda asihisi lolote. Jiko linalofuka moshi humkohoza mtu akatoka. Hatari kubwa ni lile ambalo makaa yake yamekuwa mekundu na moshi umekwisha, kwa kuwa hapo ndipo watu huona ni salama kuliingiza ndani.

Mama alifika hospitalini na nguo za kazi. Hakumlaumu mama yake hata kwa neno moja, na tunadhani jambo hilo lilimwumiza Bibi zaidi kuliko lawama. Tuliporudi nyumbani hakukoka moto. Mahamri yalikoma. Alinunua mkate dukani, akaweka mezani, akaketi kitandani na tasbihi. Aliendelea kutawadha kwa maji ya mtungi, baridi hivyo hivyo, tena akayamwagia mengi kuliko kawaida, mpaka akaanza kukohoa. Siku ya tatu tulimkuta anafunga kikapu chake. Alisema mtu aliyekaribia kuwaua wajukuu zake hana haki ya kulala nao chumba kimoja.

Tulimwendea ustadh wetu wa madrasa, akaja baada ya alasiri. Hakuanza na makaa. Alimsimulia Bibi kisa cha Amru bin Al-Aas katika vita vya Dhatu Salasil: jinsi alivyolazimikiwa na josho usiku wa baridi kali, akachelea kwamba akioga maji yale ataangamia, akatayamamu na kuwaswalisha wenzake. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) na Amru akaulizwa, alijibu kwa kutaja amri ya Mwenyezi Mungu inayowakataza watu kuziua nafsi zao. Mtume akacheka, wala hakumkemea. "Basi Bibi," ustadh akasema, "wewe una makaa na una sufuria, kwa hiyo huna udhuru wa kutayamamu. Lakini pia huna ruhusa ya kujiadhibu kwa maji ya baridi mpaka kifua kikushike. Pasha maji. Pashia nje."

Bibi alinyamaza kwa muda. Kisha akasema maneno ambayo hatujayasahau: "Nilitaka wajukuu zangu waswali kwa maji ya moto, nikakaribia kuwaswalia mimi." Akalia, nasi tukalia, na Mama akaamka usingizini akalia pia. Baada ya hapo alifungua kikapu akarudisha nguo zake kwenye kamba.

Kuanzia jioni ile utaratibu ulibadilika. Maji yalichemshwa koridoni baada ya magharibi yakatiwa katika chupa mbili za chai; alfajiri yalichanganywa na ya mtungi, yakatosha udhu wa sote. Maji mengine ya moto yalitiwa katika chupa zilizofungwa barabara, zikaviringishwa leso, zikawekwa miguuni mwa kila kitanda. Chini ya godoro tulitandika maboksi, kwani baridi nyingi hutoka sakafuni. Usiku Bibi na wasichana walilala kitandani, wavulana kwenye godoro chini, na dirisha likaachwa wazi upana wa kiganja hata siku ya manyunyu. Na kila usiku, kabla ya kufunga mlango, Bibi aliuliza kwa sauti, "Jiko limelala wapi?" Nasi tukajibu, "Nje!" Hata kama lilikuwa limekwisha kuwa majivu, hakukubali liingie.

Hakuishia kwetu. Pamoja na rafiki yake wa mboga alipita milango yote 12 ya ploti yetu, kisha ploti ya jirani, akisimulia kosa lake mwenyewe bila kulipunguza. Tuliona haya mwanzoni. Tulimwambia kwamba angeweza kusema yalimpata mtu fulani. Alitujibu kwamba habari za mtu fulani watu huzisikiliza kwa sikio moja. Katika chumba kimoja alimkuta mama mwenye mtoto mchanga, jiko liko chini ya meza na mlango umefungwa. Hakutoa hotuba. Alilitoa jiko kwa mikono yake, akarudi, akamvua mtoto nguo mbichi, akamfunga kwa leso yake mpya.

Siku ya Ashura alifunga, na dada zetu wakafunga pamoja naye. Magharibi tulifuturu koridoni, tumelizunguka jiko, kwa uji wa tangawizi na mbaazi za nazi, na mama wa Ukambani akaleta muthokoi ingawa hakuwa amefunga. Kitindamimba alikaa mapajani mwa Bibi akala mahamri manne. Aliulizwa kama anasikia baridi. Akasema miguu tu.

Bibi alirudi Mombasa mwezi wa Agosti, zamu ya Mama ilipobadilika. Hatujui kama atapanda treni tena kipupwe kijacho. Magoti yake yanamsumbua. Lakini kila Juni inapoisha hutupigia simu, na baada ya salamu swali lake la kwanza ni lile lile.

Kwa hiyo ndugu wasomaji, mnapowafungia watoto wenu mizigo ya kuja Nairobi katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, tieni blanketi zito, soksi na chupa ya chai. Na mnapoagana nao kituoni, pamoja na kuwahimiza swala na adabu, wambieni pia neno hili dogo la Bibi: jiko hulala nje.