Nishani ya Magdala

Katika nchi ya Ethiopia, ambayo zamani iliitwa Uhabeshi, iko milima ya namna ya peke yake. Vilele vyake ni tambarare kama meza, na kandokando ni magenge matupu. Wenyeji huiita amba. Mmoja wa milima hiyo ni Magdala, na kwa ajili yake askari wa Malkia Victoria walipewa nishani ya fedha.

Vita vya huko vilianzia katika barua. Mwaka 1862 Mfalme Tewodros II alimwandikia Malkia akitaka urafiki na msaada, lakini barua ikakaa London bila ya kujibiwa. Mfalme akaona amedharauliwa, akamtia kifungoni mwakilishi wa Uingereza, Charles Duncan Cameron, pamoja na wamisionari. Hormuzd Rassam, mjumbe aliyekuja kuwaombea, naye akafungwa.

Basi Jenerali Sir Robert Napier akatumwa kutoka Bombay. Jeshi lake lilianza kushuka Zula, pwani ya Bahari ya Shamu, mwezi wa Oktoba 1867. Askari walikuwa yapata 13,000, wengi wao Wahindi. Wanyama walizidi 40,000, na miongoni mwao walikuwamo ndovu 44, waliobeba mizinga mizito. Maji matamu yalikuwa haba, hata ikawa lazima maji ya bahari yachemshwe melini na mvuke wake ugeuzwe maji ya kunywa.

Kutoka Zula hadi Magdala ni mwendo wa maili 400 hivi. Njia hupanda kutoka joto la pwani mpaka Senafe, hupita Adigrat, Antalo na ziwa Ashenge, huteremka katika bonde refu la mto Beshilo, kisha hupanda tena. Wakulima wa njiani waliwauzia askari nafaka na majani ya wanyama, nao walitaka kulipwa kwa riale za Maria Theresa, fedha ile ile iliyojulikana sana katika pwani ya Afrika Mashariki.

Siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 10 Aprili 1868, majeshi yalikutana Arogee, chini ya mlima. Waingereza walikuwa na bunduki mpya za Snider. Wahabeshi wapatao 700 waliuawa. Upande wa Napier walikufa wawili tu. Mfalme akawafungua wafungwa wake, lakini alikataa kujitoa mwenyewe. Jumatatu ya Pasaka ngome ikashambuliwa. James Bergin na Michael Magner, mpiga ngoma, walipanda genge na kupenya boma la miiba, wakawa wa kwanza kuingia. Tewodros alijipiga risasi kuliko kutekwa.

Nishani iliyotolewa baadaye ni ndogo kuliko nyingi za wakati ule. Mbele ina sura ya Malkia ndani ya nyota ya pembe tisa, na kati ya pembe na pembe imewekwa herufi moja ya neno ABYSSINIA. Nyuma, ndani ya shada la majani, limo jina la askari mwenyewe, limechomoza katika fedha. Kwa hiyo kila moja ilibidi igongwe peke yake, kazi yenye gharama kubwa.

Lakini nishani haielezi yote. Ngome ilichomwa moto, na hazina na vitabu vya kale vikachukuliwa juu ya ndovu 15 na nyumbu karibu 200. Alemayehu, mwana wa Mfalme, mtoto wa miaka 7, alipelekwa Uingereza. Alikufa huko mwaka 1879, akiwa na miaka 18, akazikwa Windsor. Na mwaka 2023 ombi la kurudisha mifupa yake kwao lilikataliwa.

Mahali pale sasa huitwa Amba Mariam. Huko juu ungali umelala mzinga mkubwa wa Tewodros, Sevastopol, wenye uzito wa tani 7 hivi. Watu wake waliukokota kwa mikono mpaka mlimani, na jeshi la Napier, pamoja na ndovu zake zote, liliuacha hapo hapo.