Konokono wa Baraka si wa Bahari

Ukitoka Minembwe asubuhi na mapema, baridi iko bado kwenye majani na ng'ombe wanatoa mvuke puani. Unatelemka, unatelemka tu. Koti unalivua, shati linalowa jasho, na mwishoni unaona miembe na maji: Baraka. Umetoka juu ya metre 2,000, sasa uko kwenye metre 770 hivi. Magoti yako yanajua hesabu hiyo vizuri.

Safari yangu ya kwanza niliokota kandokando ya ziwa ganda la konokono, nene, lenye vinundu, kama yale ya bahari niliyoona katika kitabu cha shule. Nikalipandisha mlimani, nikawaonyesha vijana kanisani: hili ni la bahari, liliachwa hapa na Gharika! Walishangaa sana. Nami nilikuwa na hakika kabisa.

Kumbe sikuwa wa kwanza kukosea. Speke alifika Tanganyika mwaka 1858 akachukua maganda, na mwaka 1859 Woodward wa London akayaeleza na kuyapa majina. Mwaka 1880 Edgar Smith alimpa konokono mmoja mwenye miiba jina Tiphobia horei, kwa heshima ya Edward Hore, baharia wa misioni ya London aliyekaa Ujiji, ng'ambo ile tunayoitazama. (Mmisionari kuitwa konokono! Lakini ni heshima.)

Halafu akaja Mwingereza Moore. Katika kitabu chake cha mwaka 1903 alilinganisha konokono hawa na maganda ya Ulaya yaliyogeuka jiwe, ya wanyama wa bahari walioishi zaidi ya miaka milioni 145 iliyopita. Yule aliyeitwa Bathanalia alimwona sawa na Amberleya wa kwenye mawe. Basi akasema: zamani bahari ilifika hapa kupitia Kongo, ikaondoka, hawa wakabaki.

Ninyi wa machimbo mnaijua shida hiyo. Jiwe linang'aa manjano, kijana anaruka kwa furaha. Mzee analigonga nyundo: likipondeka unga, si dhahabu. Dhahabu inalala bapa tu. Sura peke yake haitoshi.

Nyundo ya Moore ilikuja polepole. Cunnington alilichunguza ziwa mwaka 1904 na 1905, hakukuta ushahidi wa bahari ile. Baadaye wenye kusoma miamba walikadiria umri wa ziwa: miaka milioni 9 mpaka 12. Hapo bahari ya Moore ilikuwa imekwisha zamani sana! Na siku hizi, walipopima chembe za urithi ambazo mtoto hupewa na wazazi, waliona konokono hawa ni jamaa wa wale wa mito na maziwa ya Afrika. Ni wa humu humu.

Sasa ule unene unatoka wapi? Kwa kaa. Kaa wa Tanganyika wana makucha yenye nguvu, wanavunja maganda. Mwenye ganda jembamba analiwa, mwenye nene anabaki na kuzaa. Ikaenda hivyo vizazi na vizazi, mpaka konokono wa maji matamu akapata sura ya konokono wa bahari.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya vijana wale wale, ganda mkononi. Nikasema: lile nililowaambia juu ya konokono wa Baraka halikuwa kweli. Kanisa lilinyamaza. Kisha mama mmoja mzee akauliza kutoka nyuma: "Pasta, na huyo kaa, nani alimfanya makucha yake kuwa makali?"

Nikamwambia, Mama, nafikiri ni konokono.