Difu ya gari la babu

KATIKA nyumba zinazojenga hotirodi, ugomvi hauanzii kwenye injini. Injini inaonekana, inang'aa, kila mgeni anaiulizia. Ugomvi huanzia nyuma, chini ya gari kusikotazamwa na mtu, kwenye difu.

Hotirodi, kwa asiyezijua, ni gari la zamani lililovuliwa uzito na kupewa nguvu. Vijana wa kusini mwa California walizianza kabla ya Vita Kuu ya Pili, wakishindana kwenye maziwa yaliyokauka kama Muroc. Gari lililopendwa kuliko yote likawa Ford ya 1932, ile iliyokuja na injini ya V8 kwa bei ya mtu wa kawaida. Leo wanaozijenga wengi ni wazazi na mababu.

Familia moja ya huko California ina Ford ya 1932 iliyoachwa na babu. Baba, fundi wa mabomba aliyevuka miaka 50, alimwahidi binti yake wa miaka 17 kwamba likikamilika litakuwa lake, aende nalo chuoni, safari ya saa moja na nusu hivi kwa barabara kuu. Ahadi nzuri. Shida ni kwamba ilipofika zamu ya kuchagua difu, baba alichagua kama kijana wa miaka 20 anayesubiri taa ya kijani.

Alitaka ekseli ya Ford ya inchi tisa, iliyoingia kwenye magari tangu 1957 hadi 1986. Inchi tisa ni upana wa krauni, lile gurudumu kubwa la meno ndani ya difu. Hapo hakukosea. Pinioni yake imeshikwa na beringi ya ziada, kwa hiyo inavumilia injini yenye hasira. Na ukishachomoa shafti mbili za magurudumu na kufungua propela, difu yote inatolewa kwa mbele kama droo ya kabati.

Kilicholeta maneno ni meno. Baba alitaka uwiano wa 4.11, yaani propela izunguke mara 4.11 ili tairi lizunguke mara moja. Uwiano mkubwa hulirusha gari likitoka kusimama. Binti akachukua kalamu. Tairi walilonunua lina kimo cha inchi 28, mzingo wake ni kama mita 2.23. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa linazunguka mara 746 kwa dakika. Giaboksi waliyonayo ni otomatiki ya gia tatu, na gia ya juu haipunguzi kitu. Zidisha 746 kwa 4.11: injini itapiga mizunguko 3,066 kwa dakika, safari nzima, ndani ya gari lisilo na sufi ya kuzuia kelele.

"Baba, hili ni gari langu au lako?" aliuliza.

Baba alikuwa na jibu la kifundi: wanunue giaboksi nyingine ya gia nne, yenye ovadraivu ya 0.70. Kwa hesabu, injini ingeshuka hadi mizunguko 2,150 hivi hata kwa 4.11. Ni jibu sahihi, na wenye pesa hulitumia. Lakini pesa hiyohiyo ilikuwa imetengwa kwa breki za diski za mbele na mikanda ya viti.

Mama, ambaye hakuwahi kuingia gereji ile ila kuita watu wakale, ndiye aliyeuliza swali zito kuliko yote: shafti ikikatika, gurudumu linabaki?

Swali hilo linastahili kuulizwa na kila mzazi. Walikuwa wamepata ekseli ya bei nafuu kwenye yadi ya magari mabovu, ya Ford Explorer ya mwaka 1997, yenye breki za diski tayari. Ni ekseli imara. Lakini shafti zake zimezuiwa kwa ndani, katikati ya difu, na kipande kidogo cha chuma chenye umbo la herufi C. Shafti ikikatika, kipande kilichobaki na gurudumu kinaweza kuchomoka. Kwenye ile ya inchi tisa, shafti imeshikwa kwa nje, karibu na gurudumu, kwa bamba lenye bolti nne. Ikikatikia ndani, gurudumu kwa kawaida hubaki mahali pake.

Mjadala ukaishia hapo. Inchi tisa ikachukuliwa, kwa ombi la mama, na uwiano ukawa 3.25, kwa hesabu ya binti: mizunguko 2,425 kwa kasi ileile. Gari lenyewe ni jepesi, halitadoda kwenye taa.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya jasho. Ekseli ya asili ya Ford hiyo, inayoitwa banjo kwa umbo lake, ilikuwa na propela iliyofichwa ndani ya bomba, na bomba hilo ndilo lililozuia ekseli isijigeuze. Ukiliondoa lazima uweke mikono mipya ya chuma. Upana ulipimwa gari likiwa limekalia springi, matairi yakiwa yamefungwa, kabla ganda halijakatwa, maana likishakatwa fupi halirudi. Karibu na krosi ya mbele ya propela wakaweka pete ya chuma, ili krosi ikivunjika propela isidondoke na kuchoma lami.

Kuna jambo moja ambalo baba nusura alipuuze. Lainingi za breki za zamani nyingi zilikuwa na asbesto, na vumbi lake likivutwa huumiza mapafu. Saratani yake inaweza kujitokeza miaka mingi baadaye. Halipulizwi kwa kompresa wala kufagiliwa kavu. Hulowanishwa, likafutwa kwa kitambaa kinachotupwa ndani ya mfuko uliofungwa, na watoto wadogo wakae mbali. Gari nalo likae juu ya stendi za chuma. Jeki peke yake si ya kumlazia mtu chini yake.

Kwa sababu difu ya inchi tisa hutoka kama droo, baba amejinunulia ya pili, yenye 4.11 yake. Ipo kwenye rafu ya gereji, imepakwa mafuta na kufungwa kwa gazeti. Binti ameandika juu yake kwa kalamu nene: "Ya Baba. Wakati wa likizo tu."