Mgema na Sifa Zake

Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka 34, na katika miaka hiyo yote sikusikia methali iliyotajwa mara nyingi ofisini mwa walimu kuliko hii: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ilitajwa kila mara mwanafunzi alipofanya jambo jema lisilokuwa la darasani. Mwalimu kijana angependekeza kwamba timu iliyorudi jana usiku kutoka mashindano ya UMISSETA ipongezwe mstarini asubuhi. Mwalimu wa siku nyingi angekohoa kidogo, aitoe methali yake, na mazungumzo yangeishia hapo. Filimbi ya kuingia darasani ilipulizwa kama siku zote, na watoto waliosafiri usiku kucha juu ya lori wakaingia somo la kwanza macho yakiwa mekundu, bila ya mtu kuwauliza walichokifanya huko walikokwenda.

Naiheshimu methali hiyo, kama ninavyoziheshimu methali zote za wazee wetu. Lakini wapenzi wa lugha mnajua kwamba methali husomwa kwa kuuliza maswali. Je, ni nani aliyemsifu mgema huyo hata akaharibika? Mnywaji anayelijua tembo hauziwi maji. Akilionja mara moja tu, atalitema na kumtazama mgema usoni. Mgema humwogopa mtu wa namna hiyo, na kwa sababu ya kumwogopa hupanda mnazi alfajiri kwa uangalifu zaidi. Anayetiliwa maji ni yule asifuye bila ya kuonja, au asifuye kwa kuwa wenzake wamesifu. Kwa hiyo kinachomharibu mgema ni sifa ya asiyejua. Sifa ya mjuzi humweka macho.

Tena lugha yetu haikutuachia methali hiyo moja peke yake. Imetupa pia chanda chema huvikwa pete. Ukiitafakari utaona kwamba pete haivishwi kwa kukisia. Hupimwa kwa chanda chenyewe. Ikiwa pana huanguka, na ikiwa nyembamba huumiza. Sifa nayo ni hivyo hivyo. Inabidi imwenee mtu tunayemvisha.

Neno lenyewe linatufundisha. Sifa katika Kiswahili ni pongezi, lakini pia ni hali au tabia ya kitu inayokitambulisha. Darasani tuna vivumishi vya sifa, vinavyoeleza kwamba mti ni mrefu au maji ni baridi. Neno wasifu, yaani maelezo ya maisha ya mtu, limetoka katika shina hilo hilo la Kiarabu. Shaaban Robert alipoyaandika maisha ya mwimbaji wa Unguja, alikiita kitabu chake Wasifu wa Siti binti Saad, na ndani yake kueleza na kusifu vinakwenda pamoja. Msingi wa neno hili, basi, ni kueleza. Anayesema “hongera sana” akanyamaza amefungua mlango tu, nyumbani hajaingia.

Sasa tazama tunavyofanya katika mahafali ya kidato cha nne. Risala kwa mgeni rasmi huwa na kurasa tatu au nne. Ufaulu wa mitihani huelezwa kwa tarakimu, mwaka kwa mwaka, daraja kwa daraja. Zikija habari za michezo na sanaa, sentensi huwa moja: wanafunzi wetu wameiletea shule sifa kubwa katika ngazi ya wilaya na mkoa. Ni nani hao? Walikimbia umbali gani? Waliimba nini? Sentensi hiyo haina jina la mtu, na kitendo chake ni kimoja tu, kuleta, kana kwamba sifa ni mzigo waliotumwa kuufuata stesheni.

Nichukue michezo kwanza. Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akaweka rekodi mpya ya dunia. Ukisema kwamba alishinda umesema kweli, lakini hujasema alichokifanya. Wakimbiaji wengi wa masafa hayo hujificha nyuma ya wenzao na kungoja mzunguko wa mwisho. Bayi alitoka mbele tangu mwanzo na kuwataka wengine wamfuate kama wanaweza. John Walker wa New Zealand alimfuata kwa karibu, na ingawa alikuwa wa pili, naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani. Hiyo ndiyo sifa ya Bayi: alithubutu kutangulia. Mtoto akiisikia hivyo, anajifunza jambo ambalo neno “alishinda” haliwezi kumfundisha.

Na John Stephen Akhwari je? Katika mbio ndefu za Olimpiki za Mexico, tarehe 20 Oktoba 1968, alianguka na kuumia mguu. Aliingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bendeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Kwa hesabu za nafasi alikuwa wa mwisho miongoni mwa waliomaliza. Hata hivyo Watanzania tunalikumbuka jina lake, na tunalikumbuka kwa sababu kitendo chake kilielezwa kama kilivyokuwa. Kama waliomwona wangaliandika nafasi yake tu, leo tungekuwa hatuna habari zake.

Katika shule mojawapo niliyofundisha, mkoani Tanga, tulikuwa na timu ya wasichana ya kupokezana vijiti. Mkimbiaji wa tatu hakuwa mwenye mbio kuliko wenzake, na hakuna mtazamaji aliyemtambua, maana watu hushangilia anayeanza na anayemaliza. Siku moja nilimwomba yule wa nne, aliyekuwa akibebwa mabegani baada ya kila ushindi, awaeleze wenzake darasani namna mwenziwe anavyokabidhi kijiti. Alisimama akasema, “Mwalimu, mimi sijawahi kugeuka nyuma. Mkono wangu huwa unakikuta tu.” Darasa lilitulia. Yule wa tatu aliinamisha kichwa juu ya daftari lake, na nilimwona akitabasamu. Sidhani kwamba aliwahi kupata sifa nyingine shuleni pale, lakini ile ilimwenea kama pete. Ilitolewa na mtu aliyeonja.

Sanaa nazo zina namna yake. Sisi watu wa lugha hii tuna neno kutuza, ambalo ndilo lililotupa tuzo. Katika taarabu mtu huinuka kitini, akaenda hadi kwa mwimbaji na kumtuza pale pale, ubeti uliomgusa ungali kinywani mwa mwimbaji. Hangoji hotuba ya mwisho. Kwa hiyo mwimbaji anajua ni neno gani lililomgusa nani. Hakuna mhakiki awezaye kuwa wazi zaidi ya huyo.

Ngonjera ilienea mashuleni baada ya Azimio la Arusha la 1967, kwa juhudi za marehemu Mathias Mnyampala, aliyeutumia ushairi huo wa majibizano kueleza siasa ya Ujamaa. Ni sanaa ngumu: mtoto huhifadhi beti nyingi, hushika zamu yake, hupaza sauti bila ya kupoteza mizani. Siku hizi, katika sherehe nyingi nilizohudhuria, ngonjera imegeuzwa kuwa ya kumsifu mgeni rasmi. Watoto husimama juani wakiwasifu watu wazima walioketi kivulini, na watu wazima hao huzungumza kwa simu. Nimeliona hilo mara nyingi mno hata sikuweza kulizoea. Sherehe ni ya watoto, na wanaosifiwa ni wageni!

Lakini niliona pia kinyume chake. Kijana mmoja wa kidato cha tatu alikuwa akipiga ngoma kubwa katika kikundi chetu cha mdumange. Mzee mmoja wa kijijini, aliyekuja kumtazama mjukuu wake, aliinuka katikati ya mchezo, akapita mbele ya meza kuu bila ya kuomba radhi, akaweka noti juu ya ngoma. Kisha akamwinamia kijana yule na kumwambia jambo sikioni. Baadaye nilimwuliza kijana ameambiwa nini. Alijibu, “Ameniambia mkono wa kushoto unachelewa, na kwamba niende kwake Jumamosi.” Alikwenda. Aliendelea kwenda mpaka alipomaliza shule. Hiyo ndiyo sifa ambayo haimtii mgema kiburi: ndani yake mna thamani na mna kazi ya kesho.

Nimeliacha la tatu mpaka sasa kwa kuwa ndilo zito kuliko yote, nalo ni hisani. Siku hizi shule nyingi zina vikundi vya wanafunzi vinavyotembelea watoto yatima, wagonjwa na wazee, wakiwa na sabuni, mchele na mafuta ya kupikia. Ni kazi njema na inafaa kutukuzwa. Lakini mkimbiaji na mpiga ngoma hushangiliwa bila ya kumwumiza mtu. Mwenye hisani ana mtu wa pili upande wa pili, naye ana heshima yake. Picha ya mtoto anayetoa ni picha pia ya mtu anayepokea.

Nyuma ya shule yetu aliishi bibi mmoja peke yake. Wanafunzi wanne walijipangia zamu ya kumchotea maji na kumfagilia uwanja, na waliifanya kazi hiyo kwa zaidi ya mwaka bila ya kumwambia mwalimu yeyote. Habari zilipojulikana, uongozi wa shule ulitaka kuwapa vyeti siku ya wazazi, na kumwalika bibi yule apande jukwaani ashuhudie. Nilitumwa kumpa mwaliko. Alinikaribisha, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Mwalimu, watoto hawa huniletea maji. Mkinipandisha jukwaani, nitakuwa mimi ndiye niliyeletwa.”

Sikuwa na jibu, wala halikuhitajika. Bibi mwenyewe ndiye aliyeamua. Jumamosi iliyofuata alichemsha mihogo, akawakalisha wale wanne mkekani, akamshukuru kila mmoja kwa jina lake na kwa jambo lake: wewe ulikuja siku ile ya mvua, wewe hukuwahi kuacha ndoo bila ya mfuniko, wewe uliniuliza habari za marehemu mume wangu. Kisha akawaombea dua. Siku ya wazazi, mkuu wa shule alisema tu kwamba shuleni pale wapo wanafunzi waliowatendea wema majirani zao, na kwamba majirani wamekwisha kuwashukuru. Wazee wanasema tenda wema nenda zako. Nadhani methali hiyo haikatazi shukrani. Inampa aliyetendewa haki ya kuwa wa kwanza kuitoa.

Mtu anaweza kuniuliza: yote haya yana faida gani mtihani ukija? Nitamjibu kwa kumkumbusha maandishi ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1967, Elimu ya Kujitegemea. Humo alieleza kwamba mitihani hupima uwezo wa mtu wa kukariri mambo na kuyatoa anapoulizwa. Haipimi tabia yake, wala nia yake ya kuwatumikia wenzake. Zaidi ya miaka hamsini imepita, na bado matokeo yakitoka tunamtazama mtoto wa watu kama tarakimu inayotembea.

Vyeti vya kumaliza shule nilivyovijaza vilikuwa na nafasi ndogo ya maoni, mstari mmoja au miwili. Desturi ilikuwa kuandika “tabia njema” kwa wote, mihuri ikapigwa, kazi ikaisha. Mimi nilijiwekea sharti la kutumia kitenzi: mwanafunzi huyu amefanya nini? Aliongoza kwaya ya shule kwa miaka miwili. Alilinda lango la timu ya mpira wa mikono. Aliwafundisha wenzake wanne kusoma noti za muziki. Nilikaa usiku mwingi kwa sababu ya sharti hilo, maana huwezi kumwandikia mtoto kitenzi kama hukumtazama.

Yule kijana wa ngoma alipata daraja sifuri. Matokeo yalipobandikwa ukutani alisimama mbele yake kwa muda mrefu, wenzake wakimpisha njia. Alipokuja kuchukua cheti chake alikisoma pale pale mlangoni. Kulikuwa na mstari mmoja: “Hupiga ngoma kubwa ya mdumange, mkono wake wa kushoto hauchelewi tena.” Alinitazama akaniuliza, “Mwalimu, ulijuaje?” Nikamwambia nilikuwa nikisikiliza. Alikikunja cheti kile polepole, akakitia mfuko wa shati, akaondoka akitembea wima. Sifuri yake ilibaki palepale ukutani. Sikuwa na uwezo wa kuifuta. Lakini hakuondoka na sifuri peke yake.

Kwa walimu vijana wanaosoma ukurasa huu, na kwa wazazi, nimetunga ubeti mmoja wa kukumbukia:

Mgema huyu msifu, nawe uliyelionja,
Usimpe sifa chafu, za mapambo na ujanja,
Taja kazi kwa unyofu, jasho lake la kiwanja,
Sifa tupu ni dhaifu, na moyo huja kuvunja.

Muhula ukianza, nendeni uwanjani kabla ya kuandika risala. Kaeni kwenye mazoezi ya kwaya mpaka mjue ni sauti ya nani inayoibeba. Waulizeni majirani wa shule nani huwachotea maji. Mkisha kujua, semeni kwa jina na kwa kitenzi, na mahali penye kuhitaji siri, nyamazeni mkijua.